Unga Chini ya Tundu

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Ibra, Omani, kijana mwenye mke na shahada ya chuo kikuu, alinijia na kopo la sumu mkononi ananiuliza alimwage wapi. Juu ya dari yao kuna kitu kinakwaruza. Nikamuuliza ni kitu gani, hajui. Kimeingilia wapi, hajui. Kiko peke yake au kina wenzake, hajui. Lakini sumu keshainunua. Nikamwambia airudishe dukani, akaondoka kanuna. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia haya, nyinyi vijana, kwa sababu naona kila mmoja wenu ana kopo na hakuna hata mmoja mwenye unga.

Habari ya unga nitaifikia. Kwanza mjue kwamba mimi sikusomea wanyama. Mimi ni fundi wa viyoyozi, nimestaafu na magoti mabovu. Miaka ya tisini watu wa mikoa ya Sharqiya na Dakhiliya walikuwa wanaziacha nyumba za udongo na kuhamia kwenye majumba mapya ya matofali, na kila chumba kikatobolewa ukuta ili kiwekwe kiyoyozi cha dirishani. Baadaye vikaja vile vya vipande viwili. Vya zamani viking'olewa, tundu linabaki limezibwa na kipande cha katoni. Mwenye nyumba akilitazama anaona ukuta. Paka akilitazama anaona mlango.

Na juu mkaweka dari za jasi, nyeupe, zenye maua na mataa. Kati ya jasi na zege hapana jua, hapana mbwa, hapana mtoto wa kurusha mawe. Mimi ningekuwa paka mwenye mimba ningekaa hapo hapo. Basi nikawa naitwa kutengeneza kiyoyozi, naambiwa, "Na hebu tutazamie huko juu, kuna kishindo." Mwisho watu wakasahau viyoyozi, wakawa wananiita kwa paka, njiwa, popo, na kwenye mashamba ya mitende kule Izki na Wadi Bani Khalid, nguchiro. Mke wangu alikuwa akiulizwa mumewe anafanya kazi gani anajibu, "Mambo ya nyumba," kisha anabadilisha mazungumzo.

Jambo la kwanza kabisa: dari ya jasi haibebi mtu. Inaning'inia kwenye vyuma vyembamba, na hivyo navyo havikuwekwa kwa ajili yako. Lala kwenye ubao mrefu uliokaa juu ya kuta mbili, na usiwe na haraka. Mimi nililijua hilo baada ya kuanguka Izki, nikamdondokea mwenye nyumba aliyekuwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Maskini alipiga shahada mara tatu kabla ya kunitambua. Aliponitambua alinitukana kwa Kiarabu, kwa Kiswahili cha Bujumbura alikozaliwa, na kwa Kifaransa kidogo, kisha akaniletea maji.

Huyo aliyenifundisha unga alikuwa Hamed, Mbedu wa kwenye mchanga kusini ya Ibra. Alikuwa mlinzi wa skuli moja, hana viatu, na macho yake yalikuwa chini muda wote. Kwao watu wanafuata nyayo za ngamia aliyepotea siku nne na wakimkuta wanajua alilala wapi na alikula nini. Siku moja alinikuta naparamia ukuta wa skuli na ndoo ya simenti, nataka kuziba tundu. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha taratibu:

"Ya akhi, unamzibia nani?"

"Paka."

"Yuko ndani au yuko nje?"

Nikateremka na ndoo yangu. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

"Na wanawe wako wapi?"

Hamed akaenda chumbani kwake akarudi na bakuli la unga wa ngano. Akaweka ubao chini ya tundu, akauchekecha unga juu yake mpaka ukawa mwembamba, kisha akaniambia niende zangu. Nilirudi asubuhi tukachuchumaa mbele ya ule ubao. Huyu hapa katoka. Huyu hapa karudi, muda si mrefu, maana nyayo zimepandana na zote zimekanyagwa kabla unga haujashika umande. Katoka tena, karudi tena. "Dume anatoka anashinda nje," akaniambia. "Huyu anatoka kula tu, anarudi mbio. Ana watoto wananyonya." Tulingoja, na siku ya pili tukapanda tukawakuta watatu, macho hayajafunguka. Tukawatia ndani ya katoni, tukaiweka nje kwenye kivuli, na mama yao akawabeba mmoja mmoja kwa shingo mpaka kwenye shamba la jirani. Ndipo Hamed akanipa ndoo yangu ya simenti.

Kazi yote ndiyo hiyo, vijana. Siku mbili za unga kabla ya simenti. Usiku wa kwanza unakujulisha ni nani: paka hachori kucha, nguchiro anachora. Usiku wa pili unakujulisha wanakaa vipi. Wakichelewa kuhama, weka redio karibu yao. Niliwahi kuweka redio juu ya dari Nizwa, paka wakahama siku ile ile, na mwenye nyumba naye nusura ahame. Ukiziba, usiamini simenti peke yake, tanguliza wavu wa chuma. Na hapo pia usiondoe ule unga mpaka uone siku nzima imepita bila ya unyayo.

Nayajua haya kama ninavyoijua Fatiha. Sasa nitawahadithia siku niliyoyajua na nisiyafanye.

Kaka yangu Salim alinizidi miaka kumi na sita. Baba yetu alifariki Unguja mimi nikiwa na miaka saba, na kaka ndiye aliyenileta Omani, akanivisha, akanisomesha, akanilipia kozi ya viyoyozi. Kwetu kaka wa namna hiyo ni baba, na baba hajibiwi. Alikuwa mtu wa wizara Maskati, na kama watu wengi wa Ibra alijenga nyumba kubwa hapa kwa ajili ya siku mbili za wiki. Wakati ule wikiendi ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa baada ya Alasiri magari yanajipanga kurudi Maskati na mji unabaki na wazee na mbuzi. Nyumba ya kaka ilikuwa inafungwa siku tano, na ufunguo hakumwachia mtu. Hata mimi, ninayekaa mwendo wa dakika tano.

Binti yake Asya alikuwa na miaka ishirini na mbili, anasomea ualimu Nizwa. Huko alimpenda kijana, na kijana akampenda, na mimi nilijua kabla ya baba yake kwa sababu aliniambia mwenyewe, jikoni kwangu, anacheka na kuficha uso kwenye mtandio. Watu wa Nizwa wakaleta habari kwamba watakuja kuposa. Alhamisi, baada ya Alasiri.

Ijumaa iliyotangulia kaka akaniita. Kiyoyozi cha majlisi, chumba cha wageni, alikuwa amekibadilisha, tundu la zamani liko wazi, na juu ya dari kuna mchakacho. Ilikuwa mwezi wa sita, jua linachoma mpaka vitasa vya milango. Nilipanda ngazi nikakuta manyoya kwenye ukingo wa tundu, na manyoya yale yalikuwa ya tumboni, laini. Siku chache nyuma nilikuwa nimemuona paka wa rangi ya mchanga akikatiza ukuta ule ule, matiti yamemjaa. Sikuhitaji hata unga. Nilijua.

Nikamwambia, "Kaka, tungengoja siku mbili tu nikaweka unga."

"Siku mbili mie niko Maskati. Nani atakufungulia?"

"Labda ungeniachia ufunguo."

"Wageni wanakuja Alhamisi, wewe unataka kunifanyia nyumba yangu jiko la mikate? Ziba, khalas. Baada ya Alasiri natoka."

Asya alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Akasema, "Ami, kuna vitoto. Nimevisikia asubuhi vinalia." Kaka alikuwa mlangoni anafunga begi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi. Nikajishughulisha na kukoroga simenti.

"Haya, kaka," nikasema, na nikaziba.

Niliziba vizuri, na wavu wa chuma nikautanguliza. Sijapata kuziba tundu vizuri kama lile.

Alhamisi kaka alifika mchana, maana Jumatano kazi ilimkawiza Maskati. Mimi nilialikwa, nikavaa kanzu na kilemba changu kizuri, nikaenda mpaka getini. Harufu ilikuwa inatoka nje pamoja na moshi wa udi. Ndani wamechoma udi, wamechoma ubani, wameongeza udi, na kila wakiongeza ile harufu inapanda juu ya udi na kukaa. Kiyoyozi kipya kilikuwa kinaizungusha chumba kizima. Na kwenye jasi nyeupe kulikuwa na doa la kahawia, kubwa kama sinia, juu ya kichwa cha baba wa yule kijana.

Wale watu wa Nizwa ni watu wa adabu. Hakuna aliyetazama juu. Wakauliza hali, wakaulizia mvua, wakala tende moja moja. Kahawa ikamiminwa, na yule baba akanywa kikombe kimoja, akakitikisa. Mnajua maana yake: basi, inatosha. Kikombe kimoja, siku ya posa. Halua haikuguswa. Walishukuru, wakaaga, na neno walilolijia halikutajwa. Baada ya wiki mbili ikaja habari kwamba kijana ameamua kumaliza masomo kwanza.

Jioni ile ile nilivunja dari. Mama alikuwa mbele kabisa, pua yake kwenye simenti yangu, kucha zimekatika. Wavu ulikuwa na damu. Wanawe wanne walikuwa nyuma yake. Sote tumesomeshwa chuo cha Kurani habari ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, akalipwa moto, mimi niliisoma nikiwa mdogo sana na nikalia. Niliwatia kwenye mfuko wa simenti niliyoizibia, nikaenda kuwazika wadini, kwenye mto mkavu, na sikumwambia mtu nilichokiona. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Kaka aliniambia mbele ya wanawe na wakwe zake: "Nilimpa kazi mtu asiyejua kazi." Basi. Aliyasema hayo Ibra, akayasema Maskati, akayasema Sur kwenye arusi. Watu wetu wakaacha kuniita. Nilihamishia kazi Bahla na Nizwa, naendesha gari asubuhi na kurudi jioni, kwa watu wasionijua mimi wala kaka yangu. Miaka kumi na moja hatukuzungumza. Kwenye misiba tulipeana mkono na kila mmoja akatazama pembeni.

Na mimi, msidhani nilikuwa na huzuni tu. Nilikuwa na hasira. Nilimchukia kaka yangu, naliandika neno hilo kama lilivyo. Mimi nilisema tungoje! Mimi niliomba ufunguo! Nilikuwa naendesha gari kwenda Bahla nikijitetea kwa sauti peke yangu, kila siku kesi ile ile, na kila siku nashinda.

Katika miaka hiyo niliitwa Sur kwa bibi mmoja aliyeamini dari yake ina jini. Walikuwa wameshaisomea nyumba nzima Kurani mara tatu. Nilipanda nikakuta vichwa vya papa mkavu, rundo zima. Bibi alikuwa anaanika papa wake juu ya nyumba, na paka amekuwa akimchukulia kidogo kidogo. Kumbe wizi huo alimtuhumu jirani aliyeishi naye miaka thelathini, na walikuwa hawaamkiani. Nilivitia vile vichwa ndani ya ndoo, nikamwambia, "Bibi, mimi siteremki ngazi hii mpaka umwendee mwenzio." Alinuna, akavaa buibui, akaenda. Nilimsikia kutoka kule juu anagonga mlango, kisha wote wawili wanalia na kucheka. Nilirudi Ibra usukani umenielemea. Maneno yale niliyomwambia bibi ningeweza kuyafuata mwenyewe kwa mwendo wa dakika tano, na sikwenda.

Aliyeniita mwisho ni Asya. Alikuwa mwalimu mkuu sasa, hajaolewa. Wengine walikuja kuposa baadaye, akawakataa. Sisemi kwamba kuolewa ndiyo maisha, mwacheni mtu aishi apendavyo, lakini yeye alimtaka yule, na hilo nalijua mimi. Baba yake alikuwa amestaafu, kisukari kimemchukua mguu, na wamemtengenezea kitanda majlisini kwa sababu hawezi ngazi.

"Ami," akaniambia kwenye simu, "baba anakuita. Kuna kitu juu ya dari."

Nilikwenda baada ya sala ya Alasiri. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Alikuwa amekonda, kanzu imembakia kubwa. Juu yetu pakakwaruza. Nilitoka nje nikazunguka ukuta, nikaona bomba la kiyoyozi linapoingia: povu la kuzibia limeliwa, tundu la kupitisha ngumi mbili, na manyoya laini kwenye ukingo. Nikarudi nikamwambia.

Akasema, "Ziba leo. Sipati usingizi."

"Silizibi," nikasema. Nilishangaa kusikia sauti yangu. "Siku mbili za unga kwanza. Hata ukinifukuza."

Kaka aliinua kichwa kwenye mto. Nilidhani atanitukana. Akasema polepole:

"Neno hilo siku ile ulilificha wapi?"

"Ulikuwa kaka yangu. Ningekujibu vipi?"

"Na wewe ulikuwa fundi. Mie nilikuwa nikijua nini habari za paka? Ungelisema hapana, wallahi ningekutukana matusi yote, kisha ningekupa ufunguo. Wewe ukasema haya. Nikajua fundi kakubali, basi hapana neno."

Miaka kumi na moja nilikuwa nashinda ile kesi ndani ya gari, na hoja hii sikupata kuisikia. Nilikaa pembeni ya kitanda chake.

Asya alikuwa anamimina kahawa. Aliliweka birika chini.

"Mie nilisema," akasema.

Sote wawili tukamgeukia.

"Baba, wewe ulikuwa pale mlangoni unafunga begi. Ami, wewe ulikuwa juu ya ngazi. Nilisema kuna vitoto. Mlinisikia nyote, na hapana hata mmoja aliyenijibu. Miaka yote hii mnagombana nani alikuwa aseme."

Hakupandisha sauti. Ndivyo anavyosema na wanafunzi wake, nadhani. Kaka alifumba macho. Mimi nilitazama dari, pale lilipokuwa lile doa, ingawa jasi ilishabadilishwa zamani. Asya alitoka, tukamsikia anafungua makabati jikoni, kisha akapita dirishani na ubao kwapani na bakuli la unga.

Asubuhi nilipokuja alikuwa ameshachuchumaa mbele ya ubao, ameshavaa nguo za skuli. Sikujua kwamba anajua kusoma nyayo. Labda alikuwa akinitazama nilipokuwa nikifanya kazi, zamani, na mimi sikuwa nikimtazama.

"Katoka mara mbili, karudi mara mbili," akasema. "Ana watoto. Hatuzibi."

Akasimama, akakung'uta unga mikononi, akaenda kazini. Hakuniuliza mimi, wala hakumuuliza baba yake.